Barua ya wazi kwa watayarishaji wa sehemu ya pili: watoto watagundua

Kwa Mwenyekiti wa Kampuni, Mtayarishaji Mkuu na watayarishaji wenza wote

YAH: MAAMUZI YALIYOFANYWA NYUMA YA KAMERA KATIKA SEHEMU YA PILI YA FILAMU YETU YA VICHEKESHO VYA FAMILIA

Waheshimiwa,

Kwa heshima na taadhima naomba mniwie radhi kwa kuwaandikia mbele ya watu. Haikuwa njia yangu ya kwanza. Nimekwisha kuwaandikia faraghani mara tatu: barua ya kwanza mliijibu kwa mstari mmoja wa shukrani, ya pili ilijibiwa na ofisi ya sheria iliyonikumbusha kifungu cha usiri katika mkataba wangu, na ya tatu mpaka leo haijajibiwa. Kifungu hicho nimekisoma upya, neno kwa neno, na ndiyo maana humu hamtakuta jina la filamu, la kampuni, la mwigizaji wetu yeyote, wala siri ya namna hadithi inavyokwisha. Nitakachokieleza ni jinsi kazi ilivyoamuliwa na jinsi watu walivyotendewa, mambo ambayo sikuyaona popote katika orodha ya siri za kampuni.

Mimi ni mtunza mwendelezo. Kwa msomaji asiyeijua kazi hii, filamu haipigwi kwa mfuatano wa hadithi. Mtu anaweza kufungua mlango Jumatatu kisha akaingia chumbani wiki tatu baadaye, na mimi ndiye ninayeandika kwamba alikuwa ameshika kikombe kwa mkono wa kushoto, kwamba kifungo cha pili cha shati kilikuwa wazi, na kwamba chai ilikuwa imefika nusu. Nilikaa ubavuni mwa kamera katika filamu ya kwanza yote, na nilikaa papo hapo katika sehemu ya pili tangu siku ya kwanza hadi tulipovunja seti. Kwa hiyo ninayoyasema hapa sikuhadithiwa. Yamo kwenye daftari langu, kwa siku na kwa saa.

Katika daftari hilo kuna sentensi moja niliyoanza kuiandika pembeni kwa kalamu nyekundu kila ilipotamkwa: "Watoto hawatagundua." Ilisemwa juu ya nywele, juu ya sauti, juu ya watu. Niliacha kuihesabu ilipofika mara ya 19. Sina ugomvi na yeyote kati yenu, Waheshimiwa. Nina ugomvi na sentensi hiyo, kwa sababu kila uamuzi ninaoulalamikia hapa chini ulipitishwa kwa kuiegemea, na kwa sababu si kweli. Mtu mzima huitazama filamu mara moja, akacheka, akaenda zake. Mtoto huitazama mara arobaini. Akiwa na homa huiomba ile ile, na kabla mwigizaji hajafungua kinywa yeye amekwisha kulitamka neno. Filamu ya kwanza ilipotoka nilipokea barua ya mtoto wa miaka 7, imeandikwa kwa penseli, ikiuliza kwa nini saa ya ukutani jikoni inaonyesha saa nne baba anapoingia, kisha inaonyesha saa tatu baba anapokaa. Alikuwa sahihi. Mwongozaji, mhariri, ninyi na mimi, ambaye hiyo ndiyo kazi yangu, sote tulipitwa. Nilimjibu kwa mwandiko wangu na kumwomba radhi.

Baada ya utangulizi huo, haya ndiyo malalamiko yangu.

1. Tarehe ya kutoka iliitangulia hadithi.

Filamu hii ilipewa tarehe ya kuingia kwenye majumba ya sinema kabla haijapewa mwisho. Sababu zake ninazijua, wala sizidharau: kumbi huwekewa nafasi mapema, watengenezaji wa vitu vya kuchezea hutaka miezi mingi ya maandalizi, na likizo za shule hazimsubiri mwandishi. Lakini matokeo yake niliyabeba mkononi kila asubuhi. Katika kazi yetu, ukurasa unaobadilishwa baada ya skripti kupitishwa huchapishwa kwenye karatasi ya rangi; baada ya nyeupe huja ya buluu, kisha ya waridi, ya njano, ya kijani na nyinginezo, ili kila aliyepo kwenye seti ajue kwamba ameshika maneno ya leo na si ya jana. Utaratibu huo uliwekwa kwa ajili ya marekebisho ya hapa na pale. Sisi tulizimaliza rangi zote, tukarudi kwenye nyeupe kwa mara ya pili, tukaanza mzunguko upya, hata skripti yangu ukiitazama kwa ubavu utadhani ni mkeka.

Siku ya 17 ndiyo mfano ninaoukumbuka zaidi. Binti anayeongoza filamu, mwenye miaka 11, alikuwa amekariri usiku maneno ya karatasi za waridi. Asubuhi, akiwa anasukwa nywele, akaletewa za njano. Tulipoanza mazoezi zikaja za kijani. Akanijia, akanivuta mkono wa sweta, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Shangazi, hivi leo dirisha nimelivunja mimi au kalivunja kaka?" Sikuwa na jibu. Nikamuuliza mwongozaji, naye hakuwa nalo, ikabidi awapigie simu, na seti nzima ikakaa dakika 40 ikisubiri mwamue ni nani aliyevunja dirisha ambalo lilikwisha kuvunjwa mbele ya kamera wiki mbili kabla.

Kichekesho cha familia hakivumilii jambo hilo. Mzaha unaowaangusha watu kwa kicheko karibu na mwisho umepandwa mwanzoni, mara nyingi kwa kitu kidogo tu, kama ufunguo uliosahauliwa au neno lililosikiwa vibaya. Ukibadilisha mwisho wakati mwanzo umekwisha kupigwa, unabaki na mbegu isiyoota na mmea usiokuwa na mbegu. Nimeorodhesha katika daftari mizaha sita iliyopandwa isivunwe. Watoto wataisubiri yote sita.

Najua mtajibu kwamba zipo filamu kubwa zilizobomolewa na kujengwa upya kwa muda mfupi, na mtataja, kama mlivyotaja kikaoni, Toy Story 2 ya mwaka 1999, ambayo Pixar waliisuka upya kwa muda wa miezi tisa hivi na ikapendwa kuliko walivyotarajia. Ni kweli. Lakini aliyekuwa rais wa kampuni hiyo, Ed Catmull, ameeleza mwenyewe gharama yake: wafanyakazi wengi walipata maumivu ya mikono kwa kazi ya kurudiarudia, na mmoja wao, kwa uchovu, alimsahau mtoto wake mchanga ndani ya gari kwenye maegesho siku ya joto. Mtoto alinusurika. Catmull aliisimulia habari hiyo kama onyo, ilhali kwenye kikao chetu mliitumia kama kiegemeo.

Kusogeza tarehe pia si aibu. Trela ya kwanza ya filamu ya Sonic the Hedgehog ilipotoka mwezi Aprili 2019 na watazamaji wakalikataa umbo la mhusika, watayarishaji walikubali kosa, wakamchora upya, na wakaisogeza filamu kutoka Novemba 2019 hadi Februari 2020. Watu waliwacheka kwa wiki moja, kisha wakaenda kuitazama.

2. Bibi wa filamu amefanyiwa danganya toto.

Mwigizaji aliyecheza nafasi ya Bibi katika filamu ya kwanza hayumo katika sehemu ya pili, ingawa ukiitazama utaapa kwamba yumo. Hamkuafikiana naye juu ya malipo. Hilo ni jambo la kawaida katika biashara, na sina haki ya kuamua nani alidai kingi na nani alitoa kidogo. Ninachokilalamikia ni kilichofuata. Mlimtafuta mama mwenye umbo kama lake, mkamvika shali ile ile, mkampiga picha kwa nyuma na kwa ubavu. Mkachomeka vipande vya uso wa Bibi mwenyewe vilivyobaki kutoka filamu ya kwanza. Kisha mkawaagiza watu wa sauti wakusanye kila neno alilowahi kulitamka mbele ya vipaza sauti vyetu, hata yale yasiyotumika, ili kompyuta iyaunganishe kuwa sentensi ambazo hakuzisema kamwe.

Hapa nina kosa langu la kuungama. Picha zilizotumika kulinganisha shali, mkunjo wake begani na pini iliyopinda kidogo upande wa kulia, zilitoka kwenye daftari langu. Niliombwa nikazitoa, nikidhani tunajiandaa kumpokea mwenyewe. Nilipomwona mama yule akitoka chumba cha mavazi kwa mwendo wa Bibi, na watoto wawili wa filamu wakamkimbilia kisha wakasita katikati ya njia, ndipo nilipoelewa. Yule mdogo alimtazama usoni, akamtazama shali, akarudi nyuma bila kusema neno. Mtoto anayemjua Bibi hakudanganyika hata kwa hatua kumi.

Jambo hili si geni. Katika Back to the Future Part II ya mwaka 1989, Crispin Glover, aliyeigiza baba katika filamu ya kwanza, hakuafikiana na watayarishaji. Mwigizaji mwingine, Jeffrey Weissman, akabandikwa uso wa bandia ili afanane naye, na vipande vya zamani vya Glover vikachanganywa humo humo. Glover alikwenda mahakamani na shauri likamalizwa kwa makubaliano. Lakini katika filamu hiyo hiyo mlikuwa na mfano wa kuiga: Claudia Wells, aliyeigiza mpenzi wa kijana, alishindwa kurudi kwa sababu ya ugonjwa wa mama yake, na nafasi yake ikachukuliwa na Elisabeth Shue, kwa uso wake na sauti yake, hata kipande cha mwisho cha filamu ya kwanza kikapigwa upya naye kwa ajili ya kuifungua ya pili. Hakuna aliyebandikwa uso wa mtu.

Mngeweza kumleta mwigizaji mwingine waziwazi. Mngeweza pia kumwandika Bibi kuwa amesafiri. Watoto huyapokea yote mawili, kwa sababu katika maisha yao bibi husafiri. Kuhusu sauti, mgomo wa waigizaji wa Marekani wa mwaka 2023 uliendelea siku 118, na miongoni mwa mambo yaliyogombewa ni kwamba sura na sauti ya mwigizaji zisiigwe kwa kompyuta bila ridhaa yake. Mliposema kikaoni kwamba jambo hilo "bado halijaeleweka", wengine wetu tulitazamana.

3. Saa za watoto, na jino.

Ratiba iliyotoka iliheshimu saa za watoto, na ratiba iliyofuatwa haikuziheshimu. Naandika hivyo kwa sababu ninazo zote mbili. Ili tusibishane juu ya kipimo, nitachukua cha California, ambako filamu nyingi za namna hii zimezaliwa: mtoto wa miaka 9 hadi 15, siku za shule, hukaa kazini kwa saa 9, na ndani yake saa 5 tu ndizo za kazi, 3 za masomo na 1 ya kupumzika; mtoto mchanga ambaye hajatimiza miezi sita haruhusiwi kufanya kazi zaidi ya dakika 20 kwa siku. Ndiyo sababu watayarishaji wengi huajiri mapacha kwa nafasi ya mtoto mchanga. Sisi tulikuwa na mchanga mmoja, wa miezi mitano, na siku ya kipande cha karamu dakika zake zilikuwa 55. Mtasema wazazi waliridhia. Mzazi anayeridhia saa tano usiku, huku watu wazima sitini wakimtazama na taa zikiwaka, hajaulizwa, amesukumwa.

Masomo ya saa tatu yalikatwakatwa kuwa robo saa kati ya mkupuo na mkupuo. Mwalimu alilalamika mwenyewe, nami simsemei.

Sasa nije kwenye jino. Mvulana wa miaka 7 anayecheza kaka mdogo aling'oka jino la mbele siku ya 23, akiwa anakula chakula cha mchana, akalileta kwangu kwenye kiganja akiwa na furaha tele. Kwa kazi yangu ilinibidi nitoe taarifa, kwa kuwa vipande vya kabla na vya baada ya mchana ule vilikuwa vya siku moja ya hadithi. Mwongozaji alitaka jino liingizwe kwenye hadithi: ling'oke mbele ya kamera, familia ilitafute chini ya meza, mzaha uwe huo. Nilidhani kwamba hiyo ni zawadi tuliyoletewa bure. Badala yake uliletwa uamuzi kutoka ofisini kwamba avalishwe kijino cha bandia. Vijino hivyo hutumika sana kwa watoto wa filamu na si dhambi. Ila chake kilimfanya apate kithembe, akashindwa kulitamka "s", na baada ya siku tatu ikaamuliwa kwamba maneno yake yote yatiwe sauti ya mtoto mwingine. Aliyeleta habari hiyo aliisema kwa sauti, akiwa amesimama hatua mbili kutoka kwa mvulana, na akamalizia kwa ile sentensi yenu.

Aliisikia. Ninajuaje? Kabla ya siku hiyo, katika maelezo yangu, kila anapocheka nimeandika "mdomo wazi, kichwa nyuma". Kuanzia siku ya 26 nimeandika mara 11 "mkono wa kulia mdomoni". Hakuambiwa na mtu afanye hivyo. Mhariri amekwisha kuniuliza kwa nini vicheko vyake haviungani, na hilo ndilo jibu.

Kuhusu malipo ya watoto nitasema kwa ufupi. Jackie Coogan, mtoto aliyeigiza na Charlie Chaplin mwaka 1921, alipofika utu uzima alikuta sehemu kubwa ya fedha alizozichuma imekwisha kutumiwa na mama yake na baba wa kambo, na sheria ya California ya mwaka 1939 ikaitwa kwa jina lake. Leo inataka asilimia 15 ya mapato ya mtoto iwekwe pembeni kwenye akaunti yake. Tafadhali waonyesheni wazazi wa watoto wetu kwamba kiasi hicho kimewekwa.

4. Mzaha wa kweli umebadilishwa na mpira wa tenisi.

Kicheko kikubwa cha filamu ya kwanza ni ndoo ya rangi. Tulikuwa na mashati matatu tu ya baba, kwa hiyo tulikuwa na nafasi tatu. Ndoo ya kwanza ilikosea. Ya pili ilimpata sawasawa, na watoto, ambao hawakuambiwa ni lini itaanguka, walishtuka kweli. Binti akageuka na kuitazama kamera kwa sekunde nzima, kosa ambalo kwa sheria za kazi yangu lilipasa kuitupa picha ile. Niliandika "ametazama lenzi" na kupigia mstari. Mwongozaji akaiacha, na kila mtoto niliyewahi kumwona akiitazama filamu hucheka pale pale, kwenye macho yale.

Katika sehemu ya pili kipande kinacholingana na hicho kinatengenezwa kwa kompyuta kuanzia mwanzo hadi mwisho. Binti yule yule alisimama mbele ya shuka la kijani, akautazama mpira wa tenisi uliochomekwa kwenye fimbo, akaambiwa ashtuke. Alishtuka mara 14. Ya kumi na nne ilikuwa nzuri kiufundi.

Mtasema ni usalama. Usalama naukubali bila mjadala, na kila kilichohusu kuanguka, moto au maji mengi kilistahili kompyuta au mwanasarakasi, wala mtu mzima mwenye akili hatabisha. Lakini keki inayoanguka kutoka mezani haimuui mtu. Tuliuliza sababu tukajibiwa kwamba keki ya kompyuta inaweza kubadilishwa ladha na rangi baadaye, mdhamini akipatikana.

Nilihudhuria pia onyesho la majaribio, nikakaa nyuma. Kilichowachekesha watoto kupita vyote, hata mmoja akateleza kwenye kiti, ni mtoto mchanga kupiga chafya wakati baba anatoa hotuba. Chafya ile haikuwamo kwenye skripti ya rangi yoyote. Wiki iliyofuata iliondolewa kwa sababu inachelewesha mkimbizano kwa sekunde sita.

5. Chupa.

Kwa maagizo ya maandishi nilitakiwa kuhakikisha kwamba chupa ya mdhamini, kila inapoonekana, lebo yake inaikabili kamera. Nimefanya hivyo, na matokeo yake ni familia inayokunywa kinywaji kwa mkono uliopinda. Katika kipande cha jikoni chupa inageuka yenyewe mara tatu. Sina zaidi la kusema juu ya chupa.

Waheshimiwa, nayajua majibu yatakayokuja. La kwanza ni kwamba mimi ni mtunza mwendelezo tu, si mwandishi wala mwongozaji. Ni sawa, ila hakuna mwingine aliyeajiriwa kuandika kila kitu, na ninyi wenyewe mnanitafuta mnapotaka kujua soksi ilikuwa mguu gani. La pili ni kwamba naiharibia filamu soko. Nimejiuliza hilo kwa usiku mwingi kuliko mnavyodhani, kwa sababu jina langu nami limo mwishoni, kwa herufi ndogo, na zipo siku nzuri nyingi ndani yake: watu wa vipodozi waliofanya miujiza, mpiga picha aliyepiga magoti siku nzima ili kamera ifikie macho ya watoto, na mwongozaji aliyejaribu. Lakini filamu haijafungwa. Upigaji wa nyongeza unaanza baada ya wiki tatu, na karibu kila ninachokilalamikia bado kinarekebishika. Jibu la tatu ni fedha, na hilo nalipokea kwa uzito. Ndiyo maana sehemu kubwa ya ninayoyaomba inagharimu siku chache za kazi, na baadhi yake inagharimu simu.

Naomba, kwanza, mjumbe wenu mwenye mamlaka, si wakala wala mwanasheria, amtembelee Bibi mwenyewe. Akiridhia kurudi kwa siku mbili za nyongeza, vizuri. Asiporidhia, vipande vyake vya zamani na sauti iliyoundwa viondolewe, na nafasi ipewe mwigizaji mwingine kwa uso wake au iandikwe upya. Yule mama aliyevishwa shali anajua kuigiza. Nimemwona.

Pili, tarehe isogezwe hadi mizaha ile sita ivunwe au ing'olewe. Siombi mwaka, mhariri anasema miezi mitatu yatosha.

Tatu, katika upigaji wa nyongeza saa za watoto zisimamiwe na mtu asiyelipwa kwa kumaliza mapema, awe na uwezo wa kuzima kamera bila kumpigia yeyote simu, na mchanga apewe mwenzake wa kupokezana naye, au mwanasesere.

Nne, mvulana arudishiwe sauti yake. Vipande vitatu vya jino vinaweza kupigwa kwa siku moja, kwenye meza ile ile, ambayo bado iko ghalani, nimeuliza. Jino jipya lilikuwa limeanza kuchomoza nilipomwona mara ya mwisho, kwa hiyo kwa ombi hili muda ni mfupi kuliko kwa mengine yote.

Tano, chafya irudi.

Naomba jibu la maandishi kabla upigaji wa nyongeza haujaanza. Madaftari yote mawili, la filamu ya kwanza na la sehemu ya pili, ninayo, na nitayaleta mezani siku na saa mtakayoniita. Ukurasa wa siku ya 26 nimeuwekea alama.

Wenu katika kazi,

Mtunza mwendelezo wa filamu ya kwanza na ya sehemu ya pili
(jina langu liko kwenye barua zangu tatu mlizo nazo)